Karani Aliyeuliza Nani Alijua

Mtu ninayemwandika hapa ndiye aliyechimba shimo lililomvunja mama yangu mguu. Nalisema mapema, msomaji asije akadhani nimekaa kumsifu mtu. Jina lake silitaji, maana wajukuu zake wapo na mmoja wao tunaimba naye kwaya. Kwetu Chilangala kila mtu alimwita Karani, hata padri, hata mke wake mwenyewe, na nadhani alipenda iwe hivyo. Alikuwa karani wa baraza la Liwali pale Newala, miaka ile ya mwisho ya Waingereza, na kwa muda mrefu hakuna mtu wa upande wetu wa mlima aliyevunjwa jino, kuunguziwa shamba au kung'atwa na mbwa ambaye shauri lake halikupita chini ya kalamu yake.

Hukumu ilikuwa ya Liwali. Kazi ya Karani ilikuwa kuandika. Lakini Liwali alikuwa mtu wa pwani, mpole, mwepesi wa kuchoka, na Chimakonde chake kiliishia kwenye salamu. Basi maswali mengi aliyauliza Karani, na Liwali alitikisa kichwa. Baraza lilikuwa wazi pande tatu. Sisi tuliopeleka mihogo sokoni tulisimama nje tukasikiliza, na mama hakunikataza, kwa kuwa naye alisimama.

Watu walifika pale wakiwa na hasira, wakitaka kusema nani mbaya, nani ana kiburi, ukoo wa nani una historia ya ugomvi. Karani aliwaacha waseme mpaka pumzi ziwaishe. Kisha aliuliza swali lake lilelile, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya chumvi: nani alijua? Nani alijua kwamba kitu kile kinaweza kuumiza mtu, na baada ya kujua alifanya nini?

Siku moja aliletwa bwana mmoja ambaye mbwa wake alimng'ata mwanamke muuza vyungu. Bwana yule alijitetea kwamba mnyama hana akili, na kwamba mbwa wake hajapata kumng'ata mtu. Karani, bila kuinua macho, akamuuliza mbwa huyo mchana anakaa wapi.

"Nyuma ya nyumba. Namfunga."

"Kwa kamba?"

"Kwa mnyororo, Bwana Karani."

"Mnyororo uliununua wa nini?"

Yule bwana akaanza habari za wageni na watoto wa jirani, kisha akayasikia maneno yake mwenyewe, akanyamaza. Karani akaandika. Muuza vyungu alilipwa dawa zake, vyungu vyake, na siku alizolala bila kufinyanga.

Mwingine alichoma shamba lake, moto ukavuka ukala mikorosho ya jirani. Huyu alisema aliyekosa ni upepo. Karani akamuuliza alichoma mwezi gani. Wa tisa. Saa ngapi? Saa nane mchana. Karani akawageukia wazee wa baraza, akawauliza kama hapa mlimani kuna mtu mzima asiyeujua upepo wa mwezi wa tisa saa nane mchana. Wazee wakacheka, na mwenye moto akainamisha kichwa.

Asifikiri mtu kwamba kila aliyeumia alirudi nyumbani na kitu. Kuna mlevi mmoja aliyepanda mkorosho wa mwenzake kuiba mabibo ya kupikia pombe, tawi likakatika, akateguka bega. Alikuja kudai kwamba mwenye mti aliliacha tawi bovu juu. Karani alimsikiliza kwa heshima zote, akaandika kila neno, akamsomea, kisha akamuuliza, "Mti ulikuita?" Mwaka mzima watoto wa Chilangala walikuwa wakiulizana hivyo kila mmoja alipojikwaa.

Lakini nilimwona pia akifanya jambo la hatari. Gunia la korosho lilianguka kutoka kwenye lori la tajiri mmoja, katika barabara ya Masasi, likamvunja bega mzee mmoja aliyekuwa akienda Lukuledi kumwona bintiye. Tajiri akasema aliyefunga mzigo ni utingo, basi mkamateni utingo. Baraza letu halikuwa na mamlaka juu ya tajiri yule, maana hakuwa Mwafrika, na sheria za wakati ule zilikuwa na mlango wake kwa kila rangi. Karani aliyajua hayo kuliko sote. Hata hivyo alimwandikia barua Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, kule bomani, ukurasa mzima, akaeleza kwamba utingo alifunga mzigo kwa kamba aliyopewa, kamba ya katani iliyooza, na kwamba faida ya safari haikuingia mfukoni mwa utingo. Liwali alimsihi asiipeleke, naye akaipeleka mwenyewe kwa baiskeli. Wiki mbili tulingoja kusikia amefukuzwa kazi. Tajiri aliitwa bomani akamlipa mzee yule, kwa hasira nyingi, na Karani akarudi mezani pake na uso uleule.

Alikuwa mkali kwa walioshinda. Mtu akipewa fidia akatoka nje akiruka, Karani alimwita arudi. "Unacheka nini? Mkono umerudi?" Alichukia pia watu kuchanganya faini na fidia. Faini inakwenda serikalini, alisema, kwa sababu serikali imeudhika. Fidia inakwenda kwa aliyeumia, na aliyeumia si lazima awe mtu mwema. Wazee wa baraza walikuwa na viwango vyao vya zamani, jino kiasi hiki, kidole kiasi kile, sawa kwa watu wote. Yeye hakuvipenda. Alimuuliza aliyeumia: mkono huu ulikuwa unafanya kazi gani? Nani mwingine anakula kwa mkono huu? Nimemwona akitumia asubuhi nzima kwa kidole gumba cha mchonga vinyago mmoja, mpaka Liwali akasinzia kabisa.

Na huyuhuyu alikuwa mtu wa makuu. Soksi mpaka magotini, kaptura ya kaki iliyopigwa pasi, na ukimpita bila shikamoo aliteremka kwenye baiskeli akungoje uikumbuke. Kuku wa zawadi aliwarudisha, jambo ambalo watu walilisifu, lakini sifa zenyewe alizipokea zote. Kanisani alikaa mbele. Mke wake, ambaye hakuzaliwa wa kukaa mbele, alikaa nyuma pamoja na mama yangu. Walikuwa wamechezwa unyago mwaka mmoja. Wakicheka, walicheka kwa mabega, bila sauti.

Sasa shimo.

Asiyekulia Umakonde huenda hajui kwamba juu kule ardhi ni nzuri na maji hayapo. Siku zile, kabla mabomba hayajatufikia, maji yalikuwa bondeni. Wanawake waliteremka alfajiri, wakajipanga kwenye visima, wakapanda na debe kichwani, wakafika nyumbani jua likiwa kali. Nguruwe pori nao walikuwa wengi, na mtu akilima mihogo alichimba mashimo ya kuwategea, marefu kupita kimo cha mtu, yakafunikwa kwa vijiti na majani. Desturi ilimtaka mwenye shimo afanye mambo mawili. Kwanza, amwambie Jumbe, naye Jumbe atangaze uwanjani kwake jioni. Pili, alaze matawi ya miiba njiani kabla ya kufika shimoni.

Karani alifanya yote mawili. Jumbe alitangaza, na wanaume walikuwapo. Miiba ilikuwapo, kwenye njia ya siku zote. Lakini kiangazi kile wanawake walikuwa wamefungua kijinjia chao pembeni mwa shamba la Karani, kilichowapunguzia kona moja ya mlima wakati wa kupanda, na huko hakuna aliyelaza kitu. Uwanjani kwa Jumbe wanawake hawakukaa. Aliyekuwa na mume alitegemea mume arudi aseme. Baba yangu alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, mwaka wa pili bila kurudi, na nyumbani kwetu hakukuwa na wa kwenda kusikiliza.

Mama alianguka saa nne asubuhi akiwa na debe kichwani. Mimi nilikuwa shuleni. Waliomtoa wanasema mfupa ulionekana. Alibebwa kwa machela mpaka hospitali ya misheni, akalala huko miezi mitatu, na aliporudi mguu wa kulia ulikuwa mfupi na haukukunjika. Kule kwetu mwanamke asiyeweza kuteremka bondeni hana maji, na asiye na maji hana nyumba. Mimi nilikuwa nimeacha shule tangu alipolazwa, nikachukua debe. Nusu ya siku kwenda na kurudi, na siku nyingine mara mbili.

Kwetu shauri la mwanamke husimamiwa na kaka yake. Mjomba alilifikisha barazani Newala, na hapo ndipo nilipomwona Karani amesimama upande ambao wengine husimama. Kalamu aliishika karani wa kodi, aliyeazimwa kwa siku hiyo. Mama alikaa kwenye mkeka, mguu umenyooshwa. Watu walijaa mpaka barabarani. Hakuna aliyekuwa na shaka juu ya mambo mengine: shimo ni la nani, mguu umevunjikaje. Kila mtu alijua limebaki swali moja, na kila mtu alijua ni la nani swali hilo. Liwali alilikwepa muda mrefu. Aliuliza urefu wa shimo, akauliza idadi ya matawi, akauliza tarehe ya tangazo mara mbili. Mwishowe akajifuta uso.

"Karani, ulijua kwamba wanawake wanapita pale?"

Karani alitazama chini, kwenye viatu vyake. Alikaa hivyo mpaka mjomba akakohoa. Nilikuwa msichana mdogo, na nilimwamini mtu yule kuliko nilivyomwamini padri. Nilidhani anatafuta maneno mazuri ya kusema ndiyo.

"Sikujua," akasema.

Liwali akatoa pumzi. Mwenye shimo ametangaza kwa desturi, akasema, ameweka miiba, na kijinjia hakukijua. Mama Agnesi ameacha njia inayojulikana. Hakuna wa kumlipa mwenzake. Jioni ile Karani alituma magunia mawili ya mahindi kwa kutupa pole, na mjomba akayarudisha usiku haujaingia. Alisema pole hatuli.

Mjomba alitaka rufaa kwa Bwana Shauri. Alikwisha kutafuta hata mtu wa kuiandika. Mama ndiye aliyekataa. Mjomba alimbembeleza, akamfokea, akamwambia mwanamume yule anaongopa na kila mtu ameona. Mama alikuwa anamenya mihogo. "Yaache, kaka," akasema, na hakusema zaidi, siku ile wala miaka iliyofuata. Mjomba alikufa akiwa bado na kinyongo na dada yake kwa ajili hiyo. Mimi nilidhani mama ameogopa soksi na kaptura, nikamdharau kidogo, Mungu anisamehe.

Karani alihamishiwa Masasi kabla ya masika. Cheo kilikuwa kikubwa zaidi, na tulielewa kwamba kilikuwa njiani tangu kabla ya shauri, na kwamba karani aliyepatikana na uzembe asingekipata. Tukapata uhuru. Nilisoma tena ukubwani, jioni, pamoja na watu wa umri wangu, nikaolewa Masasi, na baadaye nikachaguliwa mzee wa mahakama ya mwanzo. Niseme kweli yangu: kila nilipoketi pale, maswali niliyouliza yalikuwa yake. Sikuwa na mengine. Nimeuliza wenye baiskeli, wenye mbwa, wenye visima visivyofunikwa. Wapo walioniogopa, na nilijua ninamwiga mwongo.

Alistaafia Lupaso, kwenye shamba la korosho la mwanawe. Nilikuwa nikimwona mara moja moja sokoni Masasi. Tulisalimiana, shikamoo, marahaba, yakaisha. Mke wake alikufa. Mwaka uliofuata mazishi yale alimtuma mjukuu wake aniite.

Nilimkuta kitandani, kwenye baraza ya nyumba, amepungua, miguu imevimba. Soksi hakuna. Aliniuliza hali ya mama, nikamwambia yu hai, bado yuko Chilangala, anatembea na fimbo. Kisha akasema, kwa Chimakonde, lugha ambayo hakuwahi kuniambia neno nayo:

"Agnesi, nilijua. Siku nilipomaliza kulifunika lile shimo nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu asipite kijinjia kile. Mke wangu peke yake. Nilitaka kesho yake niweke miiba na huko. Nikachelewa kazini, nikaacha."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo nusu ya maisha yangu na sikupata cha kufanya nayo. Nilitaka kumpiga. Alikuwa ananitazama kama watu walivyokuwa wakimtazama yeye barazani.

"Mguu haukuwa wangu," nikamwambia. "Kamwambie mwenyewe."

"Siwezi kusafiri, mwanangu."

"Na yeye hawezi."

Ilichukua wiki tatu kupata gari litakalompandisha mlimani. Njia nzima ya kupanda Newala aliushikilia mlango kwa mikono miwili. Tulimkuta mama nje, kwenye mkeka, anapepeta kunde. Alipomwona nani anashushwa, aliweka ungo chini. Mjukuu alimkalisha Karani kwenye kigoda, akajiondokea.

Hakuzunguka. Alimwita Mama Agnesi, akamwambia kwamba barazani alisema hakujua na kwamba alijua, akamweleza la mke wake.

Mama alikuwa anaokota kunde zilizodondoka mkekani, moja moja.

"Najua," akasema. "Mkeo alikuja hospitali nikiwa bado nina bandeji. Alilia mpaka wauguzi wakamtoa. Ulimwagiza asipite, akapita njia kubwa, akajisemea kwamba akifika kisimani atatuambia sote. Kisimani palikuwa na ugomvi siku hiyo, akasahau. Tulipopanda nilikuwa nyuma yake kidogo tu, nikashika kijinjia."

Karani aliweka mkono kinywani.

"Rufaa ingemwita yeye shahidi," mama akaendelea. "Aseme mumewe ni mwongo, tena aseme naye mwenyewe alisahau. Ungemrudisha kwa kaka zake na watoto watano. Nikaona mguu umekwisha kuvunjika. Nikakungoja wewe useme. Umekaa sana."

Nilikuwa nimeegemea mlango. Miaka yote ile nilikuwa nimembebea mama hasira ya woga ambao hakuwa nao. Na pamoja na hayo, hasira nyingine ilinipanda palepale, mpya kabisa, na sikujua niiweke wapi, maana hapa waliketi watu wawili waliokuwa wamejua, kila mmoja na sababu yake, na aliyebeba debe nilikuwa mimi.

Karani ndiye aliyeiona. Macho yake yalikuwa mabovu, lakini kazi ile hakuisahau. Alinigeukia polepole juu ya kigoda.

"Na wewe ulikuwa darasa la ngapi?"

Hakuna mtu aliyepata kuniuliza hivyo. Barazani sikuulizwa, wala mjomba hakuniuliza.

"La nne."

"Ukaacha."

"Niliacha. Nafasi ya shule ya bweni ya wasichana ilikuja kwa jina langu. Mwalimu alinifuata njiani na barua, nikiwa napanda na maji. Nikamwambia ampe mwingine."

Mkono wa mama ulisimama juu ya mkeka. Alimwacha Karani akanitazama mimi, na sikuwahi kuuona uso wake vile, hata siku aliyotolewa hospitali.

"Nafasi gani?" akauliza. "Agnesi, nafasi gani? Hukuniambia."

"Mguu ulikuwa bado haujaunga, mama," nikamwambia.